Maoni ya Poongodi Mlangoni mwa Sinema

Poongodi hakwenda sinema kutafuta ugomvi. Alikwenda kwa kuwa tiketi ilikuwa ya bure, amepewa na mdogo wake Chelladurai, katibu wa chama cha mashabiki wa mwigizaji Arunvel, tawi la mtaa wao pale Madurai. Lilikuwa onyesho la kwanza la siku ya kwanza, asubuhi, ngoma zinarindima nje, na Chelladurai mwenyewe yuko juu ya ngazi anaimwagia maziwa, kama sanamu ya mungu, picha ya Arunvel iliyosimama kimo cha nyumba ya ghorofa. Poongodi, fundi wa kushona blauzi, aliyatazama maziwa mazima yakiishia mtaroni, akasonya, akaingia ndani.

Alipotoka, vijana wa mtandaoni walikuwa wamejipanga mlangoni na vipaza sauti vyao, kama ilivyo kila filamu mpya inapotoka, wakimdaka kila mtu wamuulize ameionaje. Mashabiki walikuwa wanapayuka, "Kiboko! Moto! Hana mpinzani!" Kipaza sauti kikamfikia Poongodi.

"Dada, filamu umeionaje?"

"Nusu ya kwanza nimevumilia. Ya pili nimelala."

"Umelala? Kwenye filamu ya Arunvel?"

"Fofofo. Jitu zima, umri wa kupokea wajukuu, linamkimbiza msichana kwenye mashamba ya maua. Halafu mama wa hilo jitu anauawa ili lipate cha kukasirikia. Kila filamu mama anakufa! Sisi kina mama tumemkosea nini? Mwacheni basi hata mmoja afike mwisho, ale wali wake, akalale."

Akaenda zake sokoni. Kabla wali wa mchana haujaiva, maneno yake yalikuwa yamezunguka nchi nzima ya Watamili. Wateja waliokuja kupimwa blauzi walicheka mpaka futi ya kupimia ikawa haishikiki. Mashabiki wao hawakucheka hata kidogo. Walimtukana yeye, ukoo wake na cherehani yake.

Jioni Chelladurai akaingia bila kuvua viatu mlangoni, jambo ambalo hata mlevi wa mtaa ule halifanyi.

"Dada, umenivua nguo!"

"Viatu kwanza."

Akarudi akavua. "Mwenyekiti anataka urekodiwe ukiomba radhi. Jumamosi, palepale mlangoni. Usipoomba, ukatibu wangu umekwenda. Miaka yote hii, dada!"

"Niombe radhi kwa kusinzia?"

"Kwa kumdharau Arunvel! Na nikuambie kabisa, wakinitoa kwenye chama, Jumapili usinitafute."

Hapo ndipo Poongodi aliposhusha mkasi. Jumapili binti yake Thenmozhi alikuwa anatogwa masikio kwenye hekalu la ukoo. Mtoto hutogwa akiwa amepakatwa na mjomba wake, ndugu wa mama. Mjomba asipofika, watu husema mama huyo hana kwao, na maneno hayo humfuata mtoto mpaka siku ya harusi yake. Na mjomba alikuwa huyu mmoja tu.

"Sema pole, yaishe," mumewe Ayyanar alinong'ona kutoka jikoni. "Neno moja tu."

Poongodi alikuwa na hasira, lakini alikuwa mtu wa haki. "Kweli nusu ya pili sikuiona," akasema. "Siwezi kuomba radhi wala kukataa kwa kitu nilichokilalia."

Chelladurai akachangamka. Mwenyekiti naye, aliposikia, akaona ni wazo la maana sana: dada aitazame tena, akiwa macho, mwenyekiti akae upande huu na katibu upande ule. Nani ataitazama filamu ya Arunvel yote asilainike? Mashabiki wana imani ya namna hiyo, wala hakuna wa kuwatoa humo.

Jumamosi wakaketi. Arunvel alipotokeza, vipande vya karatasi vikarushwa hewani na mbinja zikatoboa masikio. Wakati wa mapumziko Poongodi alikunywa kahawa vikombe viwili. Nusu ya pili ilipoanza alikuwa amekaa wima, macho kodo. Mama wa kwenye filamu akapigwa risasi, akafa akiimba karibu wimbo mzima.

Pembeni yake akasikia kwikwi. Akageuka. Chelladurai alikuwa analia, machozi yanamchuruzika mpaka kwenye masharubu.

Poongodi hakumwonea huruma. Mama yao wenyewe alifariki siku ambayo filamu nyingine ya Arunvel ilikuwa inatoka. Chelladurai alikuwa ndani ya sinema anapiga mbinja, simu haipokewi. Maiti ikamsubiri uani, maana moto wa kuchomea maiti huwashwa na mtoto wa kiume, na alipofika alikuwa na rangi ya mabango kwenye vidole na jicho kavu. Poongodi hakuwahi kumwambia lolote. Mpaka siku ile alidhani amekwisha kumsamehe.

Walipotoka, kamera zilikuwa tayari na mwenyekiti amejiweka nyuma yake, anatabasamu.

"Haya, dada. Waambie."

"Nimeitazama yote, na macho yangu yote mawili," Poongodi akasema. "Naomba radhi kwamba nililala. Nililaumu nusu ya pili kabla sijaiona. Sasa nimeiona. Ni mbaya kuliko ya kwanza."

Kelele zikalipuka. Mwenyekiti akanyoosha mkono kuziba kamera, Poongodi akausukuma.

"Sijamaliza! Mama yangu mimi alikufa mara moja. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyepiga mbinja, na wala hakufa ili mtu apate hasira. Alikufa akiuliza mtoto wake yuko wapi. Mnaotaka nitubu, mtangoja sana."

Hakumtaja mtu. Chelladurai aliinamisha kichwa, akapenya kwenye umati, akapotea.

Jumapili hekaluni, Thenmozhi alikuwa amekwisha kunyolewa kichwa na kupakwa msandali. Saa njema ya kutoga ilikuwa inakwisha, na sonara alikuwa ameshika sindano. Mashangazi wa Ayyanar wakaanza kunong'onezana kwa sauti ya kusikika.

"Mjomba yuko wapi? Nani atampakata?"

"Mimi," Poongodi akasema. Akakaa mkekani, akamvuta mwanawe mapajani.

"Mama hampakati! Haijapata kuonekana!"

"Basi leo itaonekana. Fundi, toga."

Mtoto akapiga yowe. Sikio la kulia likawa tayari. Poongodi alikuwa analia na yeye, hajifichi, na kidevu kiko juu.

Ndipo watu wakapisha njia. Chelladurai alikuwa amesimama na sinia la zawadi kichwani, jasho linamtoka, bila ile fulana yake ya chama.

"Wamenitoa," akasema.

"Nimesikia."

"Na filamu ni nzuri, dada. Hilo silifuti. Sikuja kukuomba radhi kwa ajili ya filamu."

"Nani amekuuliza filamu?"

Chelladurai akatua sinia. "Kweli aliniuliza? Mama?"

"Mpaka mwisho."

Chelladurai akakaa mkekani kando ya dada yake, akanyoosha mikono miwili, ikabaki hewani. Poongodi akaitazama muda, mpaka sonara akakohoa. Kisha akamnyanyua mtoto akamweka mapajani mwa mjomba wake.

"Mshike vizuri," akasema. "Limebaki la kushoto."