Njia Rahisi ya Kwenda Maporomokoni

"Iwe njia rahisi," Fuatino alisema mbele ya kamati nzima ya wanawake. "Wageni wetu ni mabibi wa kanisa kutoka Auckland, magoti yameshachakaa. Watembee msituni taratibu, waone maporomoko, wachovye miguu bwawani, warudi kula. Kazi nyepesi. Hata Leitu ataiweza."

Hata Leitu! Wanawake wakacheka, naye Leitu akacheka nao, angefanyaje? Fuatino ni shangazi yake, dada wa baba yake, tena mke wa chifu na mwenyekiti wa kamati. Mwezi uliopita kamati ilipopita nyumba kwa nyumba kukagua usafi, kama ilivyo desturi ya kijiji chao cha kisiwani tangu enzi za bibi zao, Fuatino alipuliza filimbi yake mlangoni kwa Leitu, akamvuta Sefina, binti wa miaka mitano, akamfunua miguu. Vidonda, vimetunga usaha kuanzia vifundoni hadi mapajani.

"Mtoto haozi hivi katika nyumba safi," akatangaza, na majirani wote wakasikia.

Tangu siku ile Leitu alichemsha shuka, akasugua sakafu, akampaka mtoto dawa ya zahanati. Kidonda kikipona hapa, kinatokea pale. Majirani wakaanza kuwaita watoto wao ndani kila Sefina alipokaribia kucheza. Mtoto akauliza, "Mama, mimi nanuka?" Hilo ndilo lililomkata maini. Alitaka kitu kimoja tu: mtoto wake apone, na asikimbiwe.

Basi Jumatatu akachukua panga la mumewe, akaenda kupima njia. Ile ya chini, wanayopita watoto kila siku kwenda kuogelea bwawani, ina mawe ya kupanda kwa mikono na magoti. Bibi wa miaka sabini atavunjika nyonga. Akaenda ya juu. Hiyo inaanzia mwisho wa barabara ya mashambani, inapita magimbi, halafu inateremka polepole chini ya miti, kivuli kitupu, hadi mtoni juu ya maporomoko, ambako mabibi wangeweza kuchovya miguu. Alifyeka matawi, akachagua gogo la kupumzikia, akapanga wanywe madafu hapa na wale mashelisheli ya kuchoma pale. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa alijikuta anaimba.

Kisha ikaja harufu. Nguruwe amekufa, akajisemea, akaziba pua kwa kanga yake na kusonga mbele.

Lo! Haikuwa nguruwe. Zilikuwa pampasi, mamia kwa mamia, zimemwagwa ukingoni na kuporomokea mtoni. Zimevimba kama mikate iliyolowa maji. Nyingine zimepasuka, zinatoa ute mweupe uliochanganyika na mavi, na nyingine zimening'inia matawini zilikoachwa na mafuriko. Funza wanatambaa, nzi hawahesabiki. Na maji, maji yale yale matamu yanayoimbwa kanisani, yanapita katikati yake na kuangukia bwawani, kwenye miguu ya watoto, na ya Sefina. Leitu aliinama, akaisukuma moja kwa ncha ya panga.

Alipoinua kichwa akaona magunia. Kila gunia lina jina kwa rangi nyekundu, kama inavyoandikwa mizigo ya meli kutoka Auckland: FUATINO. Nani asiyejua? Shangazi analea mapacha wa mwanawe, na pampasi zao huletwa kwa magunia. Gari la taka hupita barabara ya pwani kila wiki, lakini mheshimiwa hawezi kuonekana amebeba uchafu! Ptuu! Nyani haoni kundule, ila la mpwa wake alilipulizia filimbi.

"Nyamaza tu," mumewe Ropati alimwambia jioni. "Ni mke wa chifu yule."

"Ninyamaze? Mwanao anaoga mavi, mimi naitwa mchafu, halafu ninyamaze?"

"Sasa utasema nini?"

"Sisemi kitu. Mimi napanga matembezi."

Jumatano kamati ilipokutana, Leitu alisoma mpango wake pole pole: saa tatu kuondoka, njia ya juu, gogo la kupumzikia, madafu.

"Ya juu hapana," Fuatino akamkata. "Ina utelezi."

"Umejuaje, shangazi? Umepita karibuni?"

Ailini, mnene mwenye mdomo mrefu kuliko wote, akaangua kicheko. Fuatino akamtazama mpaka kikakwama kooni.

"Nimesema hapana. Wapelekwe ufukweni."

"Kwa heshima zote, shangazi, mpango nimeshautuma Auckland. Wamejibu, mabibi wa watu wamefurahi kweli. Wengine wanakuja na nguo za kuogea. Imebaki ile desturi yetu tu: popote mgeni atakapokanyaga, kamati ikague kwanza, na mwenyekiti awe mbele."

Ukumbi mzima ukageuza macho kwa mwenyekiti. Angekataa vipi? Sheria hiyo ameitetea miaka ishirini.

Walikwenda asubuhi iliyofuata, wanawake kumi na saba, filimbi ikining'inia kifuani pa Fuatino bila kupulizwa. Harufu ilipowafikia, soga zikakatika moja moja. Wakafika ukingoni. Ailini akasoma jina kwenye gunia, midomo ikicheza, kisha akatazama miguu yake mwenyewe. Mwanamke mmoja akaanza kulia. Naye ana watoto watatu wanaooga kule chini.

Leitu alikuwa ameingoja saa hii usiku na mchana. Alidhani ataona raha. Hakuona raha yoyote. Aliona kinyaa tu, kinyaa cha uvundo na cha huyu mama mzima aliyesimama amekunja kanga yake safi.

"Zifukiwe," Fuatino akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Waiteni vijana."

"Vijana hawamo katika kamati," Leitu akajibu.

Fuatino akavua filimbi, akaiweka juu ya jiwe, akapandisha kanga, akateremka matopeni. Akainama, akashika ya kwanza. Ikapasukia mikononi mwake na kumtiririkia hadi viwikoni. Akageuza uso, akashika nyingine. Wanawake wakaanza kushuka mmoja mmoja nyuma yake.

Leitu akasimama karibu naye, akamfungulia mdomo wa gunia. Wakalijaza, wakafungua jingine. Gunia la tatu lilipojaa ndipo shangazi akauliza, bila kumtazama:

"Yule mtoto... vidonda vyake vikoje?"

"Njoo jioni umwogeshe mwenyewe," Leitu akasema. "Utaviona."