Maji ya Paja la Dionisi

Kila asubuhi Balbina alianza kazi kwa kuinama juu ya bakuli na kupuliza. Bakuli lilikaa kwenye baraza la nyuma la boma la Ifakara, upande wa jua, na ndani yake kulikuwa na maji ya chumvi na kijiko cha mayai makavu ya uduvi, mfano wa ugoro, ambayo Bwana Afisa, Mjerumani mkuu wa boma, alikuja nayo ndani ya kopo. Balbina alitumbukiza ncha ya tete, akapuliza mapovu mpaka mashavu yakauma, akapumzika, akapuliza tena. Mayai yasipopata pumzi huoza, na uvundo wake hukaa puani siku nzima. Yakianguliwa, uduvi hujikusanya penye mwanga, mwekundu, mdogo kuliko kiroboto. Aliuchuja kwa kitambaa, akausuuza, akaupeleka sebuleni kwa samaki.

Samaki wenyewe walikuwa wale wadogo wa mapezi mekundu wanaojaa madimbwini wakati wa masika. Bwana Afisa aliwafuga ndani ya sanduku la kioo na hakuwala. Wandamba wa mtoni, ambao kwao samaki hulishwa mara moja tu, tena kwa ndoana, walipolisikia jambo hilo walidhani mkalimani amekosea. Mwaka ule askari wake walikuwa wamekwisha kuchoma maghala toka kijiji cha Mbingu hadi Idete ili kuvimaliza vita vya Maji Maji, na watu walikuwa wanakula mizizi ya porini na kuitapika. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu alimjua vizuri. Alikuwa amemwajiri.

Ujira wa Balbina ulikuwa kibaba cha chenga za mchele kila jioni. Kibaba hicho kililisha watu watatu: yeye, mumewe Dionisi, na binti yao Serafina, ambaye nywele zake zilikuwa zimegeuka nyekundu na miguu imevimba. Kibaba kikikatika, mtoto angekufa. Hilo Balbina hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Dionisi alikuwa na risasi pajani tangu siku yeye na wapiganaji wenzake walipolivamia boma. Kabla ya kwenda walikunywa dawa ya mganga, wakanyunyiziwa mwili mzima, ili risasi za Wajerumani zigeuke maji. Hazikugeuka. Kidonda hakikufunga, na yeye alishinda kwenye mkeka akifukuza nzi.

Basi chumvi ya boma ikaisha, na msafara wa kuileta kutoka pwani ukachelewa. Balbina alijaribu ile chumvi ya bondeni inayotokana na majivu ya matete. Mayai yalikaa kimya, kisha yakanuka. Bwana Afisa aliziba pua kwa leso.

"Kesho hakuna uduvi," alisema, "keshokutwa hakuna mchele."

Jioni ile Balbina alikuwa anaosha kidonda cha mumewe, na pale ambapo siku zote palitoka usaha, palitoka maji. Yalikuwa meupe, safi. Alijipangusa jasho mdomoni kwa mkono uleule, akaonja chumvi kali kuliko ya jasho.

"Baba Serafina, kidonda chako kinatoa maji."

Dionisi alitazama. "Ni hiyo risasi," alisema. "Mganga alisema zitageuka maji. Hakusema lini."

Balbina aliona neno hilo lina haki. Akachukua kata, akakinga.

Uduvi ulioanguliwa katika maji hayo haukuwa na kifani. Samaki walikula mpaka wakawa na vitambi. Tangu siku hiyo Balbina aliamka mapema, akamkamua mumewe paja kama mtu anavyokamua mbuzi, akaenda bomani na kata yake imefunikwa jani la mgomba. Alipopuliza, mara nyingine maji yalipanda teteni yakamwingia kinywani, na alipoyatema katika maua ya Bwana Afisa bado alibaki na ladha ya mumewe mwenyewe. Aliuchukia uduvi, akawachukia samaki kwa jinsi walivyofunguafungua midomo, na zaidi alijichukia yeye kwa kuuchuja vizuri.

Bwana Afisa alipouliza chumvi inatoka wapi, alimweleza ukweli. Bwana Afisa alikuja nyumbani, akaliangalia paja, akachovya kidole, akaonja. Akasema vizuri sana. Msafara ulipofika hatimaye, ile chumvi ya pwani ilifungiwa ghalani, kwa sababu samaki walikuwa wamekwisha kukataa uduvi mwingine.

Halafu risasi ikaisha. Asubuhi moja paja lilikuwa kavu na kidonda kimefunga, na Dionisi alitembea hadi kisimani bila fimbo. Majirani walimpa pole na hongera. Balbina alikitazama kitako cha kata, akaipeleka bomani tupu.

"Maji hakuna, mchele hakuna," alisema Bwana Afisa.

Balbina aliporudi nyumbani alimkuta Dionisi amekaa mlangoni anaosha mguu. Ule mwingine.

"Mama Serafina, chukua bakuli twende."

"Ulikunywa dawa risasi zisikupate," alisema Balbina. "Leo unakwenda kuziomba."

"Nilikunywa, ndiyo. Na huyu mtoto atakunywa nini?"

Balbina alimchukia pia yeye kwa kuwa na haki, akachukua bakuli.

Bomani, ombasha alimlaza Dionisi chini kando ya ukuta. Bwana Afisa alimwonyesha askari huyo kwa fimbo mahali pa kupiga, katikati ya nyama, mbali na mfupa, maana mfupa ukivunjika hutoa usaha na usaha huua mayai. Ombasha alipiga. Sebuleni samaki walishtuka mara moja, wakatulia.

Habari ilikuwa imewatangulia. Moshi ulipotawanyika, watu walikuwa wamepanga mstari toka langoni, wanaume na wanawake kadhaa, wote wamenawa miguu. Wa kwanza alikuwa Leodegar wa Idete, ambaye wakati wa vita ndiye aliyebeba kibuyu cha dawa. Alikuwa ameshapandisha shuka.

"Usiubane mguu," Dionisi alimwambia akiwa bado chini. "Ukiubana inaingia vibaya."

"Ahsante, ndugu," alisema Leodegar.

Ombasha aliwaambia wengine wakae kivulini wangoje zamu.

Jioni Balbina alipewa kibaba chake, akapika. Mkono ulinuka baruti na damu, na harufu hiyo aliisonga pamoja na ubwabwa. Alitapika nyuma ya nyumba, akasukutua, akarudi kupakua. Serafina alikula haraka, akamwangalia baba yake aliyelala mkekani, akaangalia paja moja, kisha la pili.

"Mama, na hilo likikauka?"

"Kula kwanza," Balbina alimwambia.