Mtu Aliyeinamia Mita

Picha ilitumwa asubuhi kwenye kundi la simu la chama cha wakazi, wakati msusi akiwa katikati ya kichwa cha mteja. Saluni yake ilikuwa nyumbani kwake, kwenye chumba cha mbele kilichokuwa gereji zamani. Aliitupia jicho simu huku vidole vikiendelea na kazi, kisha vidole vikasimama.

Ilikuwa picha ya mwanamume, iliyopigwa kwa nyuma kutoka dirisha la ghorofani. Ameinama kwenye ukuta wa Mama Pacha, jirani wa mwisho wa mtaa, karibu na mita ya maji, kofia imeshuka mpaka masikioni. Chini yake Mama Pacha alikuwa ameandika: "Huyu namwona mara ya pili sasa. Haombi, hauzi kitu, anachungulia tu. Nani anamjua?"

Msusi alimjua. Lile shati alilipiga pasi yeye mwenyewe.

"Mbona umenyamaza?" mteja akamuuliza.

"Nywele zimejifunga," akajibu, akaendelea kusuka.

Yule mtu alikuwa baba mkwe wake. Maisha yake yote ya kazi alikuwa msoma mita za maji, akipita nyumba hadi nyumba kwenye mitaa kama huu. Alipostaafu alitulia vizuri, ila baada ya kufiwa na mkewe akaanza kupotea kidogo kidogo. Yalianza kupotea majina ya watu, zikafuata siku za wiki, mwisho akawa hajui kama amekula au hajala. Mvua zilipoanza, mwanawe alimleta hapa nyumbani usiku usiku, akamwingiza kwa mlango wa nyuma, kisha akarudi barabarani na lori lake. Kitu ambacho mzee hakukisahau ni kazi. Akiamka huvaa shati, huchomeka kalamu mfukoni, hutoka kwa mlango wa nyuma. Ukimfungia mlango, huugonga polepole kwa kidole kimoja, kama mtu asiyetaka kumsumbua mwenye nyumba, na hachoki mpaka wewe mwenyewe uingiwe na huruma ufungue.

Mchana huo msusi alimpigia mumewe.

"Wamempiga picha baba. Wanadhani ni mwizi."

"Umewaambia nini?"

"Sijawaambia kitu. Nataka niwaambie."

 Mlio wa injini ya lori ulijaa kwenye simu. "Usiseme," mumewe akasema. "Baba alikuwa mtu wa heshima zake. Leo aje kuwa kichekesho cha kundi la simu? Ngoja nirudi, tutaongea vizuri."

"Na akitoka tena?"

"Mfungie, mke wangu. Nakuomba."

Mkutano wa chama ulifanyika Jumapili alasiri uani kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa mwalimu wa michezo mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Refa, hata mkewe. Msusi ndiye alikuwa katibu. Walipaswa kuzungumzia gari la taka lisilokuja na taa za barabarani zilizokufa, lakini hakuna aliyezitaja taka wala taa. Mama Pacha alisimama akaeleza upya habari iliyojulikana kwa wote: jinsi wezi walivyoingia kwake mwaka uliopita, wakamfungia chooni na wanawe mapacha, na jinsi alivyowaziba watoto midomo kwa viganja vyake mpaka wezi wakaondoka.

"Mpaka leo hawaendi chooni bila mimi," alisema. "Sasa namwona mtu ameinamia ukuta wangu. Mniambie nilale vipi."

 Refa akatoa boksi lenye filimbi, akagawa moja kwa kila nyumba. "Ukimwona, piga. Ukisikia, toka. Tutoke wote."

"Na tukimkamata?" aliuliza fundi magari, jamaa mwenye mikono minene aliyeishi mkabala na saluni.

"Tumkamate kwanza."

Wachache wakacheka. Msusi akainua mkono, akashangaa mwenyewe kuuona uko juu. "Tusimguse mtu," alisema. "Tumuulize kwanza. Huenda hata ni mgonjwa."

"Katibu, mgonjwa huenda hospitali," akasema Refa, "haendi kwenye mita za watu. Na niwaambie, hawa wachora ramani wa wezi hawaji hivi hivi. Wana mwenyeji wao humu humu. Kikulacho ki nguoni mwako."

Watu wakatazamana. Jibu lilikuwa limefika kwenye ulimi wa msusi, maneno mawili tu: ni wetu. Akaikumbuka sauti ya mumewe ikisema nakuomba. Akainamisha kichwa, akaandika kwamba imekubaliwa, kwa mwandiko wake mzuri unaosifiwa na wote.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Alimweka mzee chumba cha nyuma, redio imewashwa, mlango umefungwa kwa komeo, na kila baada ya muda alimwacha mteja na chanuo kichwani akaenda kuchungulia. Kugonga kule kwa kidole kulipita hadi saluni. "Nini hiyo?" wateja waliuliza. "Bomba," alijibu. Filimbi za mwanzo zilikuwa za watoto, waliozichukua nyumbani wakachezea mpira, na kila ilipolia alikwenda kulijaribu komeo. Refa akagomba kwenye kundi, watoto wakanyang'anywa. Kimya kilichofuata kikawa kibaya zaidi, maana sasa ikilia, italia kweli.

Ililia asubuhi moja akiwa anampaka rangi ya nywele mwali aliyekuwa anakaribia kuolewa. Ikalia moja, ikajibiwa na nyingine, halafu zikalia nyingi kwa pamoja. Alikimbilia chumba cha nyuma. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, redio ikiongea peke yake, na dirisha, ambalo hakuwahi kulifikiria kabisa, lilikuwa wazi.

"Nakuja," alimwambia mwali, akatoka mbio na glavu zake nyeusi za rangi, aproni ikimpiga magotini.

Watu walikuwa wamejazana mbele ya geti la Mama Pacha. Akapenya kwa mabega. Mzee alikuwa amekaa chini kwenye zege, amevuliwa viatu, kofia imekanyagwa. Fundi magari alikuwa amemshika ukosi. Mkono wa kulia wa mzee ulilegea mapajani vibaya, na suruali yake ilikuwa imelowa. Alikuwa akimtazama Mama Pacha, akimuuliza kwa adabu, tena na tena:

"Mama, mbwa amefungwa?"

"Sina mbwa," Mama Pacha alikuwa akijibu, filimbi bado mkononi. "Nimekwambia sina mbwa."

"Mwachie," msusi akasema. Fundi hakusikia. "Mwachie, huyo ni baba yangu. Ni baba mkwe wangu, anakaa kwangu."

Fundi akauachia ukosi kama uliomuunguza. Msusi akavua aproni, akamfunika mzee mapaja. Refa alikuwa amefika akihema.

"Anakaa kwako tangu lini, Katibu?"

"Tangu mvua zianze."

"Na mkutanoni ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Niliandika mimi."

"Mwanamke, tungemuua," fundi akasema kwa sauti ya chini. Alikuwa akitazama mikono yake. "Amekataa kusema ametumwa na nani, mimi nikamsokota mkono. Unajua tungemuua?"

"Hajakataa. Hajui. Alikuwa msoma mita, akili yake imebaki huko."

 Waliokuwa nyuma wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wasitazamane. Mama Pacha ndiye aliyefungua geti, akatoa gari lake, akasema tu, "Ingieni."

Hospitali waliambiwa mkono umevunjika kwenye kiwiko. Mzee alipopelekwa kufungwa plasta, wanawake wawili wakabaki kwenye benchi la korido. Msusi ndipo alipovua glavu.

"Mimi nisingepiga filimbi," alisema Mama Pacha. "Ungeniambia peke yangu, pembeni. Hata mkutanoni haikuwa lazima."

"Najua."

"Ulinisikia nikieleza habari ya wanangu, ukaniacha niendelee kumwogopa mzee wako."

Msusi alitafuta pa kumtaja mumewe, akaona ni kumsukumia mzigo mtu asiyekuwepo. "Niliona aibu," alisema. "Tena hata si aibu ya kwake. Yangu."

Mama Pacha hakusema amemsamehe. Aliinuka, akanunua maji chupa mbili, moja akamwekea msusi karibu na goti, akakaa tena, safari hii mbali kidogo.

Mumewe aliwasili siku ya pili, macho mekundu kwa safari. Alimkuta baba yake amelala, plasta juu ya mto. Msusi alikuwa amejiandaa kugombana, maneno yote ameyapanga tangu hospitali, lakini mumewe alikaa sakafuni kando ya kitanda na kofia ya baba yake magotini.

"Nilikwambia umfungie," alisema.

"Uliniambia. Nami nikakubali. Tusigawane lawama sasa."

Jioni mumewe alitoka, akaenda nyumba hadi nyumba peke yake. Mahali pengine alikaribishwa ndani, mahali pengine aliongea kupitia upenyo wa geti. Kwa fundi magari alikaa sana. Wanaume wale wawili walizungumza nini, msusi hakuuliza, lakini kesho yake fundi alikuja na kitasa kipya, akakifunga kwenye dirisha la chumba cha nyuma bila kusema neno, akaondoka bila kunywa hata maji.

Chama kilikutana tena. Msusi alipeleka barua ya kuacha ukatibu. Refa aliisoma, akaikunja, akasema mtaa una mambo mengi ya kushughulikia na hakuna mwingine mwenye mwandiko unaosomeka. Haikuwa wazi kama alikuwa anamheshimu au anamwadhibu. Filimbi hazikurudishwa. Walikubaliana tu kwamba mtu akionekana, aulizwe jina kwanza, na Mama Pacha akapiga kura ya kukataa. Alisema yeye hawezi kuahidi, akiogopa haulizi. Hakuna aliyemlaumu.

Mkono wa mzee ulipona ukiwa umepinda. Dada wa mumewe alikuja kukaa nao kwa ajili yake, na asubuhi humtembeza, wameshikana mikono, mpaka karibu na mwisho wa mtaa. Nyumba moja kabla ya ile ya Mama Pacha, dada hugeuza. Mzee hushangaa kila siku kwa nini hawamalizii, na kila siku dada humwambia wameshamaliza.