Siku Mwatsumbo Ilipojaa

"Shule yetu imejaa," alisema Chirau, huku akiinyoosha kanzu magotini. "Akiongezeka hata mtoto mmoja, itatubidi tuwaombe wakubwa watupunguzie."

Maneno hayo aliyasema Kinondo, barazani kwa kina Yusra, siku alipokwenda kuposa. Hakuna aliyemwuliza habari za wingi wa wanafunzi. Wazee walitaka kujua tu kama kazi yake ina mizizi, naye, kama ilivyo kawaida yake, akaulizwa mzizi akajibu msitu. Ndani, nyuma ya pazia, mamake Yusra, Bi Mbeyu, alisikia akaridhika: mwalimu wa shule iliyojaa hafukuziki. Halwa ikaliwa, posa ikapokelewa, nikaha ikawekwa baada ya Idi.

Tuseme kweli sisi, maana yeye hakuisema. Sekondari ya Kutwa ya Mwatsumbo, ukiiacha lami ya Msambweni ukaingia minazini, ilikuwa shule ya serikali kamili, yenye bendera, kengele, na ubao wa getini uliotaja maono, dhamira na kauli mbiu. Kilichopungua ni wanafunzi tu. Timu ya mpira ilikuwa na wachezaji saba, na kipa ndiye aliyepuliza kipenga. Mwaka huo kompyuta ya Nairobi ilipogawa watoto wa Gredi ya Kumi nchi nzima, Mwatsumbo ilipewa watatu. Wa kwanza alikuja. Wa pili alikuja kumsindikiza wa kwanza, akabaki. Wa tatu alifika getini na babake, wakausoma ubao wote kuanzia maono hadi kauli mbiu, kisha wakageuza pikipiki.

Walimu nao walikuwa haba, ingawa masomo kwenye ratiba yalitimia. Mwalimu wa fizikia alihamishiwa bara, akaliacha koti lake jeupe kwenye msumari wa maabara, na tangu siku hiyo fizikia ikawa inafundishwa na koti. Mwalimu Mkuu, Bi Winrose, ambaye wazazi wake walitoka Ukambani wakapata shamba huku kabla hajazaliwa, alifundisha hesabu, biashara na dini ya Kikristo, na kati ya kipindi na kipindi ndipo alipopata nafasi ya kuwa mkuu. Chirau alibeba Kiswahili, historia, kilimo na michezo. Tena yeye hakuajiriwa na serikali. Aliajiriwa na halmashauri ya shule, maana yake ni kwamba alilipwa mgao wa serikali ukifika, na mgao huo hufuata vichwa vya wanafunzi. Palipo na vichwa vingi hukimbilia. Mwatsumbo ulikuwa ukifika ukichechemea, kama mtu aliyetumwa asikotaka kwenda.

Sasa zikaja habari kwamba afisa wa elimu angezunguka shule ndogo zote kuhesabu wanafunzi kwa macho yake. Shule itakayopatikana haina watu itafungwa, na watoto watapelekwa katika shule kubwa ya kule kwenye lami. Walimu walioajiriwa na serikali wangehamishwa pamoja na madawati. Wa halmashauri wangerudi kwao. Chirau alipiga hesabu, ingawa si somo lake: shule ikifungwa Jumatatu, yeye hana kazi Jumanne, na Bi Mbeyu hana mkwe Jumatano.

Alikwenda kwa Bi Winrose, akaketi, akaanza kueleza kwamba alikuwa na njia. Bi Winrose alikuwa akisahihisha madaftari ya hesabu. Hakuinua kichwa.

"Chirau, usiniambie," alisema. "Nikishajua, itabidi nijue."

Chirau aliyachukua maneno hayo kuwa ni ruhusa, tena ya maandishi.

Njia yenyewe ilikuwa nyepesi. Afisa huhesabu vichwa, hahesabu makunyanzi, na hesabu yenyewe huifanya mlangoni, kwa sababu ana shule nyingine tatu za kupitia kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo darasa lijazwe watu, basi. Chirau aliwaendea vijana wa Mwabungo walioacha shule, akawabembeleza warudi kwa asubuhi moja tu, chai na mahamri juu yake. Wote walikubali, tena kwa kiapo. Siku ilipofika, hoteli moja ya Diani ilikuwa imetangaza kibarua cha kupakua viti, na vijana wakaenda huko na viapo vyao.

Habari hizo Chirau aliletewa na Subira, mpishi wa shule, saa moja ya asubuhi, wakati afisa alikuwa ameshapita Ukunda. Chirau alikaa juu ya kuni akashika tama. Subira, ambaye hajawahi kumwona mwalimu huyo akikosa la kusema, aliingiwa na huruma. Akamwambia asijali, yeye ni mwanachama wa kikundi cha akina mama wasuka makuti, na kina mama wale hawana makuu, ukiwaita kwa jambo la heri huja. Mitandio myeupe ipo, kila nyumba ina binti wa madrasa. Wakae viti vya nyuma, wasichana wenyewe wakae mbele, nani atajua?

Chirau akamwuliza kama wana umri wa kufaa.

"Wana umri," alijibu Subira. "Kufaa ndiyo sijui."

Lakini mfa maji haulizi jina la mti anaoushika. Chirau aliosha uso, akaenda getini kumpokea mgeni, akamwachia Subira darasa la Kidato cha Tatu.

Afisa aliitwa Abdulrahim, mtu wa Vanga, mpole, mwenye miwani na viatu vilivyoshika vumbi la shule tatu. Alisalimu vizuri, akauliza hali, akauliza hali ya nyumbani, akauliza na hali ya mvua, kisha akaomba kuona madarasa. Chirau hakuwa na haraka. Alimwonyesha kisima. Alimwonyesha mihogo ya somo la kilimo. Alimwonyesha maabara, ambapo Abdulrahim alilitazama lile koti msumarini kwa muda, akauliza mwenyewe yuko wapi. Chirau akajibu kwamba yuko kwenye mafunzo ya kuendelea. Koti halikukanusha.

Walipofika Kidato cha Tatu, hata Chirau mwenyewe alishtuka kwa furaha. Darasa lilikuwa limefurika, mitandio myeupe tele hadi ukutani, vichwa vyote vimeinamia vitabu kwa bidii ambayo Mwatsumbo haikuwahi kuiona. Kitabu kimoja au viwili vilikuwa juu chini, lakini kutoka mlangoni haikuonekana. Abdulrahim alihesabu kwa kutikisa kidevu, midomo ikicheza, akarudia mara ya pili, akaandika. Akasema mashallah. Akasema alikuwa ameambiwa mengine kabisa kuhusu shule hii, na kwamba binadamu wana maneno. Akalifunika daftari lake na kugeuka aende.

Hapo, msomaji, mtu mwingine yeyote angenyamaza. Shule ilikuwa imepona, kazi imepona, Yusra yuko salama kwao Kinondo anapakwa liwa ya bibi harusi. Lakini kumwambia Chirau anyamaze ni kama kumwambia jogoo alale mpaka saa nne. Alimkimbilia Abdulrahim, akamshika mkono kwa adabu, akamwambia haiwezekani mgeni aje mpaka mlangoni asionje. Kuona wingi si kitu, sharti aone na elimu. Aingie akae hata dakika kumi asikilize kipindi.

Abdulrahim aliangalia saa, akasema yeye naye alikuwa mwalimu wa Kiswahili zamani, na kipindi kizuri amekikosa siku nyingi. Akaingia, akaketi kiti cha pembeni karibu na dirisha. Bi Winrose, aliyekuwa akipita ukumbini, alichungulia, akaona, akaendelea kupita.

Chirau aliingia kifua mbele. Alishika chaki kama mtu anayeshika kipaza sauti, akafuta ubao uliokuwa hauna kitu, akageuka kulikabili darasa lake. Macho yakaenda safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, yakafika nyuma kabisa, kwenye kona ya ukuta.

Na kwenye kona ya ukuta alikuwa ameketi Bi Mbeyu.

Subira alikuwa hajamwambia, kwa sababu hakuona la kumwambia. Alipofika Kinondo kuwaita wenzake, wawili watatu walisitasita, wakisema mambo ya kuvaa mitandio ya watoto ni mzaha. Bi Mbeyu ndiye aliyesimama wa kwanza. Alisema aibu ya mkwe ni aibu ya nyumba, na kwamba kama huyo kijana amebanwa kiasi cha kukopa wanafunzi, basi kina mama wa bibi harusi hawawezi kukaa wanasuka makuti. Alivaa mtandio wa binti yake mdogo, akajikunja nyuma ya dawati, akashika kitabu cha kemia.

Sasa, kwao Chirau, mtu na mamake mkewe hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja hupisha kichakani. Hampi mkono, hamtaji jina, hakai naye chumba kimoja ikiwa kuna mlango wa kutokea. Chirau alifundishwa hayo kabla ya kufundishwa kusoma, na hata mambo mengi ya shule yalipomtoka kichwani, hili lilibaki mwilini. Shingo ilijipinda yenyewe ikatazama chini. Mikono ilijikunja tumboni. Mguu wa kulia ukarudi nyuma. Na kabla akili haijafika, ulimi, uliolelewa na bibi yake, ukasema, "Shikamoo."

Safu nne za nyuma ziliitika kwa pamoja, kwa sauti nene za watu waliozaa na kuozesha: "Marahaba, mwanangu."

Wasichana wa safu ya mbele waliinamia madaftari, mabega yakitikisika. Abdulrahim alivua miwani.

Chirau alicheka kidogo, akaeleza kwamba hiyo ilikuwa mbinu mpya ya mtaala mpya. Mwalimu hushika nafasi ya mwanafunzi, na mwanafunzi nafasi ya mzazi, ili somo la heshima liingie. Alieleza vizuri, hata mtu angeweza kumwamini, isipokuwa kwamba alieleza yote hayo akiutazama mlango. Na kule nyuma, mwanafunzi mmoja alikuwa amegeuka ameukabili ukuta, mtandio ameushusha hadi kidevuni.

Abdulrahim aliutazama mgongo ule ulioukabili ukuta. Kisha akamtazama mwalimu aliyeukabili mlango. Alikuwa ameoa Lungalunga miaka mingi, tena mamake mkewe bado alikuwa hai. Alirudisha miwani usoni polepole, na sauti yake haikubadilika hata kidogo.

"Yule binti wa kwenye kona, mwalimu, anaitwa nani?"

Chirau alifungua kinywa. Majina ya kubuni alikuwa nayo gunia zima, lakini kumbandika mamake Yusra jina la uongo, mbele ya masikio yake mwenyewe, ni jambo ambalo hata uongo wake ulilionea haya.

"Ni mgeni, bwana afisa," alisema. "Tumeletewa na kompyuta."

"Kompyuta imeleta wa Gredi ya Kumi peke yao. Hiki ni Kidato cha Tatu."

"Basi amerushwa darasa. Ni hodari sana."

"Alhamdulillahi," alisema Abdulrahim. "Hodari ndiye ninayemtaka." Akageukia nyuma, akaongea kwa upole uleule wa getini. "Binti, hebu njoo mbele utuandikie sentensi moja tu ubaoni. Mwalimu wako atakushikia chaki."

Kati ya kona na ubao palikuwa na kijia kimoja chembamba, na katika mwisho wa kijia hicho, mahali pa kupita mtu mmoja tu, alisimama Chirau na chaki yake. Subira, aliyekuwa dirishani na sufuria mkononi, alianza kusali kimoyomoyo.

Bi Mbeyu hakugeuka. Alizungumza na ukuta, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia mpaka mwisho.

"Niwie radhi, baba yangu. Uanafunzi nimekubali, na kukaa nitakaa mpaka kengele ilie. Lakini huko mbele sipiti, mpaka mkwe wangu huyo atoke kwanza."

Abdulrahim aliinua kalamu. Hakuandika, alisubiri tu aone. Chirau bado angeweza kusimama imara, akacheka, akasema mama huyo hamjui, akabuni mbinu nyingine ya mtaala. Maneno alikuwa nayo, yamejaa mdomoni. Lakini miguu yake ilikuwa na malezi bora kuliko ulimi, na alipoyapata maneno ya kuanzia alikuwa ameshafika nje, chini ya mlingoti wa bendera, chaki bado mkononi.