Sauti ya Pili

Drusilla Nyakundi alikuwa ameimba sauti ya kwanza tangu utotoni, katika kwaya ya watoto ya kanisa la Waadventista kule kwao Nyamira. Sauti hiyo ndiyo iliyompeleka chuo kikuu, ikampatia kazi ya kufundisha muziki Nairobi, na kila Agosti ikamrudisha nyumbani kuimba katika tamasha ambalo Mwalimu Eliakim Ojwang alikuwa amelianzisha Kisii.

Tamasha lenyewe halikuwa kubwa. Okestra ilikuwa na watu wachache wa fidla, viola, selo na besi, wengi wao walimu na wanafunzi waliokuwa likizoni. Walifanya mazoezi katika ukumbi wa shule pale Mosocho, wakapiga mjini Kisii siku za katikati ya wiki, halafu Jumapili wakamalizia Nyamira pamoja na waimbaji. Jumamosi hakuna aliyethubutu kuigusa. Ni Sabato, na nusu ya wasikilizaji wangekuwa kanisani.

Mwaka huo Drusilla alifika Mosocho akiwa amejifunga skafu ya hariri shingoni. Mwezi wa Machi alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tezi shingoni. Daktari alimweleza mapema kwamba mshipa wa sauti unapita karibu sana na pale anapokata, na kwamba sauti huenda ikabadilika. Ilibadilika. Aliporudi kuzungumza watu hawakuona tofauti, lakini alipojaribu kupanda juu, sauti ilifika mahali ikakataa. Alijiambia ni uchovu, kisha ni vumbi la Nairobi, kisha kwamba mapumziko yangemaliza mambo. Hakumwambia mtu yeyote Kisii.

Siku ya kwanza ya mazoezi alisimama mbele ya okestra pamoja na Mitchell Aketch, msichana kutoka Homa Bay aliyekuwa amemaliza chuo mwaka huo. Mitchell alikuwa amepewa sauti ya pili, ile ya chini. Wimbo ulikuwa wa waimbaji wawili na nyuzi, wa Kilatini, na katika ukurasa wake wa tatu sauti ya kwanza hupanda peke yake mpaka juu kabisa, ikakaa pale huku fidla zikitulia chini yake.

Drusilla alipanda. Sauti ikachanika.

“Tena,” alisema Mwalimu Eliakim kwa upole, akidhani amekosa pumzi.

Mara ya pili haikutoka sauti, ilitoka hewa tu. Watu wa fidla walitazama nota zao kana kwamba hawakusikia. Mara ya tatu Mitchell, aliyekuwa amesimama ubavuni, hakuweza kuvumilia. Drusilla alipoanza kuyumba, yule msichana aliiimba ile nota ya juu ili amshikilie asianguke. Ilitoka safi, nyepesi, bila jasho. Ukumbi mzima uliisikia.

Drusilla akafunga kitabu cha nota.

“Nani amekuomba?” alimuuliza Mitchell.

“Samahani, Madam. Nilitaka tu kusaidia.”

“Sikuomba msaada.”

Alitoka nje. Mwalimu Eliakim alimkuta chini ya upenu wa darasa lililokuwa karibu, amejikumbatia kama mtu anayesikia baridi. Walikuwa wamejuana muda mrefu. Yeye alikuwa Mjaluo wa Rachuonyo aliyekuja Kisii kufundisha na akabaki, na ndiye aliyemfundisha Drusilla kusoma nota.

“Dada Drusilla, ni nini?”

Akamweleza yote. Mwalimu alisikiliza bila kumkatiza, kisha akafanya kosa ambalo watu wema hufanya mara nyingi. Aliharakisha kutafuta dawa.

“Usijali hata kidogo,” alisema. “Kuna mwimbaji namjua Kisumu, nitampigia leo. Wewe utakaa mbele kabisa, mgeni wetu wa heshima. Tutakutambulisha, watu wakupigie makofi.”

“Makofi ya nini, Mwalimu?”

Drusilla alichukua begi lake, akasimamisha bodaboda barabarani, akaenda Nyamira kwa mama yake.

Mama yake, ambaye wote walimwita Mama Okemwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, alikuwa shambani akichuma majani chai. Alimwona binti yake akishuka kwenye kijia katika viatu vya mjini, na hakuuliza kwa nini amekuja kabla ya Jumapili. Alimwonyesha tu mahali penye kikapu kingine.

Walichuma bega kwa bega. Majani mawili na kichipukizi, mkono mmoja ukifuata mwingine. Mama Okemwa alizungumza kuhusu Jumapili. Kule kituo cha kununulia majani alikuwa ameshamwambia kila mtu. Hata mke wa pasta angekuja, na Mzee Ogeto ambaye hajawahi kukubali kwamba fidla ni chombo cha Mungu.

“Mama,” Drusilla alisema, “sitaimba.”

Mikono ya mama haikusimama. “Kwa nini?”

“Sauti imeondoka. Tangu nilipopasuliwa.”

Sasa ikasimama. Mama Okemwa alipangusa vidole kwenye leso yake, akaifungua skafu shingoni mwa binti yake, akaliangalia kovu. Lilikuwa jembamba, limelala kama mkunjo wa kawaida wa shingo. Machi alikuwa amepigiwa simu akaambiwa kila kitu kimeenda vizuri, na aliamini.

“Imba nisikie.”

“Mama, tafadhali.”

“Imba tu kidogo. Hapa hakuna mtu.”

Drusilla akaimba wimbo wa kanisani, ule wa kufungulia Sabato. Alipofika mahali pa kupanda, sauti ikakwaruza ikakatika. Alitaka kunyamaza.

“Shuka,” mama alisema. “Ianze kutoka chini.”

Akaanza chini. Huko sauti ilikuwapo. Haikuwa ile aliyoizoea, ilikuwa nzito na yenye giza kidogo, kama ya mtu mwingine wa ukoo wake. Mama aliendelea kuchuma akisikiliza hadi ubeti ukaisha.

“Kwani huko chini hakuna kazi?” aliuliza.

“Hiyo ni sauti ya pili, Mama. Ni ya kusindikiza wengine.”

“Mimi nimeimba sauti ya pili kanisani miaka yote. Nilikuwa nikiiimba ukiwa tumboni. Nilikuwa namsindikiza nani?”

Drusilla hakucheka. Alihisi hasira ikimpanda, kwa sababu mama yake alilifanya jambo lionekane jepesi, kama kuhama kutoka benchi moja hadi lingine.

“Huelewi,” alisema. “Ile ya juu ndiyo iliyokuwa mimi. Naitaka ile yangu.” Na hapo akalia, katikati ya mistari ya chai, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali.

Mama Okemwa hakumwambia anyamaze. Alimshika mkono wake wenye utomvu wa majani, akaushikilia.

“Najua,” alisema. “Lia. Hata mimi nitaikosa.”

Walibaki hapo mpaka machozi yalipoisha yenyewe, kisha wakajaza vikapu.

Asubuhi iliyofuata Drusilla alirudi Mosocho. Mitchell alikuwa ameketi peke yake ukumbini, akifanya mazoezi ya pumzi. Alipomwona aliinuka haraka kama mwanafunzi aliyechelewa.

“Kaa, mdogo wangu. Nimekuja kukuomba radhi.”

“Hapana Madam, mimi ndiye nilikosea. Sikufaa kuingilia.”

“Ile nota, umewahi kuiimba mbele ya watu?”

“Hapana. Mimi hupewa sauti ya pili kila mahali. Wanasema mwili wangu ni mkubwa, lazima sauti iko chini.”

“Wanakosea. Jumapili wewe utachukua sauti ya kwanza. Mimi nitaimba ya pili, kama utakubali kunifundisha. Umeizoea kuliko mimi.”

Mitchell alishika mashavu. “Mimi? Walai siwezi! Watu wa Nyamira wanakuja kwa sababu yako.”

“Unaiweza. Nilikusikia jana. Ndiyo maana nilikasirika.”

Mwalimu Eliakim alipoambiwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. “Nilikukosea jana,” alimwambia Drusilla. Hawakulizungumza tena. Alimpigia yule mwimbaji wa Kisumu asije, wakaanza kazi.

Kazi ilikuwa ngumu. Mara kwa mara Drusilla alijikuta akiifuata sauti ya kwanza kwa mazoea, na Mitchell akimgonga kiwiko. Aligundua kwamba sauti ya pili haina mahali pa kujificha. Ya juu inabebwa na wimbo wenyewe, kila mtu anaujua unakokwenda, lakini ya chini lazima ijue njia yake peke yake. Siku mbili walizunguka humo. Ijumaa mchana waliingia soko la Daraja Mbili mjini Kisii, wakachambua mitumba mpaka Mitchell akapata gauni refu la buluu la kumtosha.

Jumapili ukumbi wa Nyamira ulijaa. Mama Okemwa aliketi safu ya mbele. Drusilla alipomkimbilia akiita “Baba!”, Mitchell alitazama huku na huku akitafuta mwanamume.

“Baba yako yuko wapi?”

“Huyu hapa. Kwa lugha yetu ya Ekegusii, baba ni mama.”

“Haki ya Mungu!” Mitchell akacheka, na hofu ikampungua kidogo.

Walianza vizuri. Mitchell alipanda ukurasa wa tatu, akaifikia ile nota, akakaa pale, na mke wa pasta akafumba macho. Chini yake Drusilla alisimama akiishikilia sauti yake kama mtu anayeshika ngazi mwenzake akipanda.

Ndipo mabati yakagongwa.

Kwanza jiwe moja, kisha machache, kisha yote kwa pamoja. Ilikuwa mvua ya mawe. Kelele ilijaa ukumbini hata fidla zikawa zinapigwa tu bila kusikika, na Mwalimu Eliakim akashusha mikono. Wengi waliokuwa wameketi pale walikuwa wakulima wa chai, na hawakuhitaji kutoka nje kujua kinachotendeka mashambani. Mawe yale huchana majani, huvunja vichipukizi, na baada yake hakuna cha kuchuma kwa wiki nyingi. Wanaume walisimama mlangoni wakitazama. Mama mmoja alijifunika uso kwa leso.

Ilipopungua, watu walianza kuondoka. Mzee Ogeto alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchukua mwavuli.

“Tufunge?” Mwalimu aliuliza kwa sauti ya chini. “Watu hawa wana msiba.”

Drusilla alimtazama mama yake. Mama Okemwa hakuwa amesogea. Mikono yake ilikuwa mapajani, imefunguka, tupu.

“Sehemu inayofuata inaanza na mimi na selo peke yetu,” Drusilla alisema. “Tuanzie hapo. Anayetaka kwenda aende.”

Selo ikaanza. Maji yalikuwa bado yakichuruzika kutoka paani. Drusilla alisogea mbele akaimba kutoka chini kabisa, mahali ambapo mwaka uliopita hakujua kama ana sauti. Maneno ya Kilatini hakuna aliyeyaelewa. Lakini ilikuwa sauti ya mtu aliyepoteza kitu, haikukificha, na haikumsihi yeyote amhurumie. Mahali pamoja ilikwaruza. Aliisikia, kila mtu aliisikia, akaendelea.

Watu waliokuwa mlangoni waligeuka. Mzee Ogeto alisimama na mwavuli wake, hakuufungua. Kisha Mitchell akaingia juu, polepole, na Drusilla akahisi jambo ambalo hakuwahi kulihisi miaka yote aliyoimba: sauti nyingine imesimama juu ya yake, haianguki, kwa sababu yeye yuko.

Walipomaliza hakukuwa na vigelegele. Halafu mtu mmoja akasema “Amina” kwa sauti ya kawaida, na wengine wakaitikia, ndipo makofi yakaja.

Nje, mawe yalikuwa bado meupe kati ya mistari ya chai, na hewa ilinuka majani yaliyopondwa. Drusilla alikunja gauni, akaazima gambuti, akateremka na mama yake kuangalia shamba. Upande wa juu ulikuwa umechanwachanwa. Upande wa mtoni ulikuwa na nafuu.

“Ulikwaruza mahali,” mama alisema, akiinua tawi lililovunjika.

“Nilikwaruza.”

“Nilidhani ni yule wa selo.”

Drusilla alicheka mpaka akashika kiuno, na mama yake akacheka pia, ingawa macho yake yalikuwa kwenye chai.

Mitchell aliitwa kuimba Nakuru kabla ya mwaka kuisha, kisha Nairobi. Sauti ya juu ya Drusilla haikurudi. Daktari alimwambia waziwazi kwamba haitarudi, na zipo siku akiwa peke yake jikoni huijaribu, ikakatika palepale, naye akaachia. Siku hizo bado zina uchungu, ila ni chache kuliko zamani.

Mwezi wa Januari Mwalimu Eliakim alimpigia simu kuuliza kama atakuja tena Agosti.

“Nitakuja,” Drusilla alisema. “Lakini safari hii nitumie nota mapema, Mwalimu. Hii sauti ya pili ni ngumu kuliko mlivyoniambia.”