Majibu ya Bagika

"Usiniite dada! Udada gani, na fedha za utafiti umechukua wewe?" Scolastika alifoka mlangoni kwake, Kalangalala.

Loveness, aliyesoma naye chuo, hakurudi nyuma. "Kamati ya mfuko wa utamaduni ilikuambia uondoe vijembe kwenye nyimbo, maana havina maadili. Ulikataa. Mimi nikaondoa."

"Ukapewa gari na kinasa sauti kipya. Hongera!"

Wivu ulimkaba Scolastika. Miaka saba alizunguka vijijini kwa nauli yake, akirekodi mashindano ya ngoma za Wasukuma: Bagalu upande huu, Bagika upande ule, wakirushiana vijembe mpaka umati uhamie kwa mshindi.

"Sasa umefuata nini?"

Sauti ya Loveness ilishuka. "Ili kukwepa vijembe, nimewarekodi Bagalu peke yao. Wazee wa Bugarama wamesikiliza, wakacheka. Wanasema nimewaletea mtu anayegombana na ukuta. Majibu ya Bagika unayo wewe tu, na walioyaimba wameshazikwa."

Scolastika alikitazama kile kinasa kilichoning'inia shingoni mwa mwenzake, akakimezea mate. Akikataa, Loveness ataaibika, na hilo lilimfurahisha. Lakini wimbo nao ungebaki nusu milele.

"Sikupi," alisema.

Aliingia ndani, akatoka na kadi ya kumbukumbu yenye nyimbo, akafunga mlango kwa kufuli, akapanda gari la Loveness lililokuwa likisubiri na dereva wake, akakaa kiti cha mbele.

"Nazipeleka mwenyewe, na matusi yake yote. Wewe kaa nyuma. Dereva, twende Bugarama."