Deuxième ya Makomeno

Zabibu alianza kuionea wivu jeep siku ileile ilipoletwa. Hakumwambia mtu. Utamwambiaje mtu kwamba gari linakunyima usingizi? Lakini alimwona Amisi, bwana yake, akipangusa vioo kwa kitambaa laini alichokataa kukinunua kwa ajili ya mtoto, akipangusa taratibu, kona kwa kona, na kitu kikamkwaruza moyoni.

Ilikuwa jeep mpya, rangi ya majani makavu. Amisi na kaka yake waliinunua pamoja ili kuwatembeza wakubwa wa kampuni ya shaba, wale wa nyumba kubwa za mtaa wa Golf, pamoja na wake zao na watoto wao. Kuwapeleka maporomoko ya Lofoi, kuwapandisha nyanda za Kundelungu, kulala nao porini, kisha kuwarudisha na vumbi lao na picha zao. Huko njiani hakuna mahali pa kununua esansi, mafuta ya gari. Jeep ya kazi hiyo inahitaji tangi la pili, kila mtu alilijua hilo.

Lakini kulikuwa na garanti. Mwaka mzima, kikivunjika kitu, waliouza gari wangekitengeneza bure. Mkuu wa garaji yao aliitwa Chef Adalbert. Kwenye karatasi za serikali alikuwa amebadilisha jina kama kila mtu mwaka ule majina ya Kizungu yalipofutwa, ila hakuna aliyelizoea lile jipya. Siku ya kukabidhi gari aliipiga shasi, mifupa ya chini ya gari, kwa kiganja kama mtu anavyompiga ng'ombe ubavuni, akamwambia Amisi:

"Hii usiguse. Tundu moja tu, ata ya kidole, garanti inakufa. Na usikuje kunililia."

"Sitagusa, Chef," Amisi akasema.

Zabibu alikuwepo, mtoto wake Alima mgongoni. Sofia naye alikuwepo, kwa sababu alifanya kazi katika ofisi hiyo ya garaji, akipiga mashine ya kuandika. Sofia alikuwa dada mkubwa wa Zabibu, yaya yake kama wasemavyo huku. Wawili hao hawakuwekeana siri. Kilichopikwa kwa Zabibu mchana, Sofia alijua chumvi yake kabla ya jioni.

Jumapili moja Zabibu alikuwa nyuma ya nyumba yao ya Kamalondo akifua nepi. Ng'ambo ya ukuta Amisi alikuwa akiongea na rafiki yake Liévin, mchomaji vyuma wa mtaa wa Makomeno, aliyekuja kwa baiskeli. Walishusha sauti. Kilichomfanya Zabibu aache kufua ni hiyo sauti iliyoshushwa.

"Deuxième iko namna gani?" Amisi akauliza.

"Iko muzuri sana. Iko munene kidogo," Liévin akacheka, "lakini utapenda. Jana ni mimi na bibi yangu tulikuwa tunaangalia tu."

"Bantu wasione. Fungia kule nyuma. Zaidi mama Alima asijue."

"Utamuficha mupaka lini?"

"Mupaka mwaka iishe. Akijua yeye, Sofia anajua. Sofia akijua, mi niko mufu."

Maji ya sabuni yakamkauka Zabibu mikononi. Mjini hapa neno deuxième halihitaji mkia. Mwanaume mwenye mwanamke wa nje husemwa ana deuxième bureau, ofisi ya pili, na watu wamechoka kulimaliza, wanasema deuxième tu, kisha wanakuangalia usoni kuona kama umeelewa.

Shule ya jioni mwalimu wa Zabibu alikuwa amewafundisha kwamba katika Kiswahili cha vitabuni mtu yuko, gari liko, chungu kiko, kila kimoja na mlango wake. Lakini nani anaongea hivyo Lubumbashi? Huku baba iko, mbwa iko, sufuria iko. Liévin alisema iko munene, na Zabibu alimwona palepale: mwanamke wa Makomeno, mapaja yamejaa, kikwembe kipya kiunoni, hana mtoto wa kumtapikia maziwa begani.

Tangu siku hiyo alimchunguza bwana yake kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Amisi alirudi ameoga. Mwanaume anayetoka kazini anarudije ameoga? Alinukia sabuni, na chini ya sabuni kulikuwa na harufu nyingine, kali, ambayo Zabibu hakuitambua kwa sababu hakutaka kuitambua. Jioni moja Amisi alimuuliza pazia la dirisha dogo linakula kitambaa mita ngapi.

"Dirisha ya wapi?" Zabibu akauliza.

"Dirisha tu. Nauliza."

"Hapa kwetu dirisha zote ziko na pazia, baba Alima."

"Basi ni vizuri," akasema, akamega bukari, ugali wa huku, akachovya kwenye mchicha wa lengalenga na kula huku akivuma wimbo puani. Huko kuvuma kulimuuma Zabibu kuliko pazia. Nyumba hii ilikuwa na muda gani haijasikia Amisi akivuma?

Amisi alipolala, Zabibu alimnyonyesha Alima gizani na kuhesabu makosa yake mwenyewe. Nimekonda usoni, nimenenepa kiunoni. Nywele zangu sijasuka. Ninaongea habari za mtoto tu, meno ya mtoto, tumbo la mtoto, na nikitoka kwa mtoto ni masomo ya jioni. Halafu hasira ikapanda: na huyo wa Makomeno ana nini? Ana unene. Basi. Alima akaacha kunyonya, akamwangalia mama yake kwa macho makubwa, na Zabibu akambusu paji la uso akamwambia kwa sauti ya chini, "Weye lala. Haya si yako."

Asubuhi alimbeba mtoto, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Sofia.

Sofia alisikiliza vidole vikiwa juu ya mashine, hakupiga herufi hata moja.

"Makomeno, kwa nani?"

"Kwa Liévin. Wanamufungia kule nyuma, yaya. Na bibi ya Liévin iko nasaidia."

"Na walisema iko munene?"

"Munene kidogo."

"Kidogo," Sofia akasema, akajiangalia mwenyewe kuanzia kifuani mpaka chini. "Mi bwana yangu alinikimbia juu niko munene, leo bwana yako ndio anatafuta munene. Vaa viatu vizuri. Tunaenda."

"Niko na viatu hivi."

"Basi tembea kama viko vizuri."

Alisimama, akagonga mlango wa Chef Adalbert kuomba ruhusa. Zabibu alibaki nyuma yake, ameinamisha kichwa, akitamani sakafu immeze.

"Chef, naomba saa moja. Ni mambo ya familia. Shemeji yangu iko na deuxième."

"Pole," Chef akasema bila kuinua macho. "Lakini ukienda kila mara shemeji ya mtu iko na deuxième, nani atapiga mashine?"

"Iko palepale Makomeno, kwa Liévin. Tunarudi mbio."

Chef Adalbert akainua macho.

"Liévin gani? Ule wa kuchoma byuma?"

"Uleule."

"Na shemeji gani? Wa jeep?"

"Sina mwingine."

Chef akachukua kofia yake ukutani na funguo za gari. "Twendeni," akasema. "Nitawapeleka mimi."

Ndani ya gari Sofia alimnong'oneza mdogo wake kwamba kumbe Chef ana roho ya mtu. Zabibu alikuwa anapanga maneno. Alitaka kumwambia huyo mwanamke neno moja tu litakalomfunga mdomo, na kila alilolipata lilikuwa la kulia.

Mlango wa kwa Liévin ulifunguliwa na Régine, mke wake, kitana kimechomekwa nyweleni, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado. Zabibu alimpima haraka. Mwembamba. Si yeye.

"Tunatafuta deuxième ya Amisi," Sofia akasema, mikono kiunoni.

Régine akacheka, akaziba mdomo. "Mumesikia? Nilimuambia Liévin, hii siri haiwezi kufika mbali. Pitieni, iko kule nyuma. Iko nalala."

"Saa hii, jua yote hii?" Sofia akauliza.

"Inafanya nini ingine? Amisi hajatoka nayo bado."

Zabibu akapata sauti. "Na ni wewe unamupikia?"

Régine akamwangalia kana kwamba hajasikia vizuri. "Kumupikia? Mama, ile iko nakunywa tu. Litre na litre. Mi kazi yangu ni kushangaa."

Mlevi pia, Zabibu akawaza. Amisi ameniacha kwa ajili ya mlevi. Akamsogeza Alima mgongoni, akapita mbele ya wote.

Nyuma ya nyumba ilikuwepo jeep. Miguu ya Amisi ilikuwa inatokeza chini yake, na Liévin alikuwa amechuchumaa kando akimpitishia spana. Amisi alikuwa anavuma wimbo uleule. Upande wa nyuma wa gari turubai lilikuwa limening'inia mpaka chini. Zabibu alilishika kwa mikono miwili akalivuta.

Lilikuwa tangi. Refu, limepakwa rangi mpya, limefungwa chini ya shasi kwa vyuma viwili na nati kubwa. Tumbo lake lilijaa kidogo kwa upande mmoja.

Sofia alizunguka gari lote, akachungulia ndani, akaangalia hata nyuma ya pipa la maji.

"Na mwanamke iko wapi?" akamuuliza Liévin.

"Mwanamke gani?"

"Deuxième."

"Ni hii," Liévin akasema, akaligonga tangi kwa kidole. "Deuxième réservoir, tangi ya pili. Haiko muntu, mama."

Chef Adalbert alikuwa amekwisha kupiga magoti. Alipapasa shasi, akapata mahali ilipotobolewa kwa ajili ya chuma cha kushikia tangi, akaingiza kidole kwenye tundu lililobaki wazi. Kiliingia chote.

"Ata ya kidole," akasema. "Nilisema ao sikusema?"

Amisi akatoka chini ya gari. Alimwona mke wake, akamwona Sofia, akamwona Chef, na uso wake ukashuka ngazi tatu.

"Mama Alima," akasema polepole. "Ulimuambia Sofia."

"Ulinificha."

"Nilikuficha juu ya huyu." Akamwonyesha Chef kwa mdomo, mikono yake ilikuwa na grisi. "Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba utamuambia Sofia, na Sofia ataleta Chef. Na leo wote watatu muko hapa."

Sofia akaangalia pembeni. Zabibu alipaswa kufurahi, na alifurahi: aliegemea ubavu wa jeep ileile aliyoichukia. Hakuna mwanamke. Hakuna mapaja wala kikwembe kipya. Harufu ile chini ya sabuni ilikuwa esansi. Lakini furaha haikukaa. Aliona kwenye saruji mistari ya mkaa, Amisi alikuwa amechora gari zima, tangi, na dirisha dogo lenye pazia, na kando ya mchoro kulikuwa na vikombe vitatu vya chai. Vitatu. Amisi, Liévin na Régine.

"Bibi ya Liévin alijua," akasema.

"Ni nyumba yake," Amisi akajibu. "Angekosa kujua namna gani?"

"Ulikaa hapa, ukachora, ukakunywa chai, akaona vile unafurahi. Kwangu unakuja umeoga, unakula, unalala. Furaha yote unaacha Makomeno." Akavionyesha vikombe kwa kidole. "Sasa hiyo si deuxième? Niambie jina yake ingine."

Régine alirudi ndani ya nyumba kimya kimya, akajifanya ameitwa.

"Acheni nimalize kazi yangu kwanza," Chef Adalbert akasema, akijipangusa magoti. "Nyinyi mutaendelea nyumbani. Amisi, sikiliza. Shasi, kwisha. Mabomba ya esansi, kwisha. Springi pia, juu umeongeza uzito. Hizo zikivunjika ni zako na Liévin. Injini na sanduku ya gia hamukugusa, zinabaki kwangu mupaka mwaka iishe."

"Kumbe haikufa yote?"

"Nilisema inakufa ili uogope. Wote wanatoboa. Ungeniuliza, ningekuonyesha mahali pa kufungia bila kutoboa, kuna matundu ya kiwanda pale mbele." Akatikisa kichwa. "Munaficha, munaficha, halafu munatoboa pabaya. Sofia, twende. Mashine inakungoja."

Sofia alimshika mdogo wake mkono, akataka kusema neno, akaona halifai, akambusu Alima badala yake. Wakaondoka.

Amisi alimrudisha mke wake nyumbani kwa jeep, tangi jipya likilia kila walipopita shimo. Zabibu alikaa mbele, mtoto mapajani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa mbele.

"Kaka nitamuambia mimi mwenyewe," Amisi akasema mwishowe. "Kuhusu garanti."

"Umuambie leo."

"Leo." Akabadilisha gia. "Iko kitu ingine nataka kufanya. Kule juu. Kitanda ya kufungua, na ngazi, watu walale mbali na chini. Lakini inaomba kutoboa mabati ya juu, na sijui kama ni vizuri."

Zabibu aliangalia mbele. Walikuwa wamefika kwenye barabara ya lami, na gari lilikuwa limetulia.

"Liévin anajua?"

"Bado."

"Régine?"

"Atajua namna gani, kama Liévin hajajua?"

Zabibu alimgeuza Alima ili akae vizuri, akamzungushia mkono kiunoni. Jioni Sofia angekuja, lazima angekuja, na angeuliza yote.

"Basi niambie," akasema. "Anza na ngazi. Na uende polepole, nyumbani iko karibu."